Shahidi Asiye na Mwigizaji: Maigizo katika Mafunzo ya Sheria na Ushahidi wa Pwani ya Kusini

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki uigizaji ni sehemu ya mafunzo ya sheria tangu zamani, ijapokuwa wanasheria wenyewe ni nadra kuuita kwa jina hilo. Kila mwaka wanafunzi huvaa suti nyeusi, husimama mbele ya walimu waliokalia viti vya majaji, na kutetea upande mmoja wa shauri la kubuni. Huinamisha vichwa, hutamka "Mheshimiwa Jaji" kwa sauti waliyoifanyia mazoezi usiku, hufunua majalada ambayo hawana haja ya kuyasoma. Mwishoni hutolewa hukumu, na mara nyingi hutolewa zawadi kwa msemaji bora.

Makala haya yanakusudia kulihakiki igizo hilo jinsi tamthilia yoyote inavyohakikiwa: kulitazama lina wahusika gani, linamweka nani mbele ya hadhira, na linamwacha nani nje ya jukwaa. Hoja yake ni kwamba anayeachwa nje ni shahidi. Hoja hiyo itapimwa kwa kuzitazama mahakama tatu za jukwaani ambazo mwanafunzi wa Kenya huzijua hata kabla ya kuingia chuoni, kisha kwa kuitazama Kwale na pwani yote ya kusini, kuanzia Diani hadi Msambweni na kuendelea mpakani. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mashauri yake mengi, hasa ya ardhi na mirathi, husimama au huanguka kwa kinywa cha shahidi. Pamechaguliwa pia kwa sababu Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha sheria katika tawi lake la Mombasa, na kutoka huko hadi wilaya hizo ni kuvuka kivuko cha Likoni tu.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walifafanua kwamba sanaa ya maonyesho huhitaji mambo manne: jambo linalotendwa, mtendaji, uwanja wa kulitendea, na watazamaji. Ufafanuzi huo uliwasaidia wasomi wa wakati ule kuacha kuitafuta tamthilia ya Kiafrika katika majengo yenye mapazia peke yake. Ukichukuliwa hadi mahakamani unatosha pia. Jambo lipo, na ni mgogoro. Uwanja upo, nao umegawanywa vikali kuliko jukwaa lolote: kiti cha hakimu kimeinuliwa, kizimba kimezungushiwa mbao, meza ya mawakili iko katikati, na mabenchi ya watu yako nyuma. Watazamaji nao wapo. Ni katika kuwahesabu watendaji ndipo shauri la kuigiza la vyuoni linapopungukiwa.

Katika shauri la namna hiyo wanafunzi hupewa karatasi yenye maelezo ya tukio, na maelezo hayo hayabishaniwi. Mashindano ya bara zima ya haki za binadamu, yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1992 na ambayo yamewavuta wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, yamejengwa juu ya msingi huo huo: tukio limekwisha andikwa, kilichobaki ni kusema sheria inaamuaje. Hapana shaka kwamba mazoezi haya yana faida. Yanamfundisha mwanafunzi kupanga hoja, kujibu swali la ghafla, kutotetemeka. Lakini yanamzoesha kupokea ukweli kama chakula kilichokwisha pakuliwa. Nani alipika, kwa kuni gani, na kitu gani kiliungua chunguni, hayo hayamhusu. Ni kweli kwamba Chuo cha Sheria cha Kenya kinawafundisha wanaotaka kuwa mawakili somo la uendeshaji wa kesi, na humo mashahidi huhojiwa. Hata hivyo shahidi wa darasani kwa kawaida ni mwanafunzi mwenzao aliyesoma ukurasa mmoja dakika kumi kabla. Hujibu kwa Kiingereza safi, hujibu lile aliloulizwa tu, na hukaa kimya anapokatizwa. Shahidi wa namna hiyo hajapata kuonekana Kwale.

Mahakama tatu za jukwaani

Mahakama ya kwanza ni ile ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969. Onyesho la shauri la Shylock na Antonio limekuwa kwa muda mrefu kipande kinachopendwa na walimu wa sheria duniani, na tafsiri ya Kiswahili imelipa ladha ambayo wasomaji wa hapa wanaifahamu. Kila anayelisoma humpenda Portia. Amevaa mavazi ya mwanasheria, amewashinda wanaume wa mji mzima, na ameokoa maisha ya mtu kwa kuisoma hati kwa makini kuliko mwenye hati.

Lakini litazamwe kwa jicho la mwanafunzi anayejifunza haki ya kusikilizwa. Anayeamua shauri hilo ni mke wa Bassanio, na Bassanio ndiye rafiki ambaye kwa ajili yake Antonio alikopa. Hakuna anayejua kwamba mwamuzi ana maslahi yake katika shauri. Mdai aliyekuja kutafuta ratili moja ya nyama anatoka akiwa mshtakiwa, amepoteza mali na dini yake, na hakupewa hata siku moja ya kujiandaa kwa shtaka hilo jipya. Haya yamewahi kusemwa na wahakiki wengi. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba katika mahakama hiyo yote hakuna shahidi hata mmoja. Antonio anaulizwa kama anaikubali hati, naye anaikubali. Kuanzia hapo tukio limefungwa, na kilichobaki ni ubingwa wa kusoma maandishi. Kwa maneno mengine, mahakama ya Venisi ni mama wa shauri la kuigiza la vyuoni. Mwanafunzi anayemwiga Portia anaiga wakili ambaye hakulazimika kumsikiliza mtu yeyote.

Ya pili ni mahakama ya Nyeri katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976, na kwa Kiswahili mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi. Hapa maslahi ya mwamuzi hayakufichwa. Shaw Henderson ni jaji na pia ndiye adui aliyemwinda mshtakiwa, na watunzi wamewaunganisha makusudi ili hadhira ione kwamba sheria ya mkoloni na bunduki ya mkoloni ni mikono miwili ya mwili mmoja. Kimathi anakataa kuijibu hati ya mashtaka. Kukataa huko ndiko kitovu cha mchezo, na hakuna mwanafunzi wa sheria anayepaswa kumaliza masomo yake bila kulitafakari swali lake: je, mtu ana wajibu wa kujibu mbele ya mahakama asiyoitambua?

Hata hivyo ushujaa huo una gharama yake ya kisanaa. Kumbukumbu za shauri la kweli la Novemba 1956, zilizodhaniwa kwa muda mrefu kuwa zimepotea, zilichapishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur. Ndani yake Kimathi anajieleza mbele ya mahakama. Ni mtu aliyejeruhiwa, anayesimulia jinsi alivyokamatwa na alichokuwa akikusudia, na maneno yake yamebaki kwa Kiingereza cha karatasi za serikali. Shujaa wa jukwaani ni mkubwa kuliko mtu huyo, lakini shahidi yule mdogo ana mengi zaidi ya kumfundisha wakili. Tena inafaa ikumbukwe kwamba watunzi wenyewe walikwenda Karunaini, alikozaliwa Kimathi, kuwasikiliza watu waliomjua, na wakaieleza safari hiyo katika utangulizi. Basi mashahidi wamo kitabuni, ila wamebaki katika utangulizi.

Ya tatu si tamthilia ya kusomwa. Ni Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho ambacho televisheni ya taifa ya Kenya imekirusha kwa miongo mingi. Wahakiki wamekidharau, nao wamekosea kukidharau. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo mahakama ya kwanza waliyowahi kuiona, na ni mahakama inayosema Kiswahili. Humo mshtakiwa na shahidi ndio wenye jukwaa. Wanapewa nafasi ya kusema kwa urefu, wanazunguka, wanajitetea kwa methali na kwa visa vya majirani, na hakimu huwavumilia hadi mwisho. Ukilinganisha na Venisi na Nyeri, hakuna mahali pengine ambapo mtu wa kawaida amesikilizwa hivyo.

Tatizo ni kwamba anasikilizwa ili achekwe. Matamshi ya kikabila yaliyotiwa chumvi ndiyo chanzo kikubwa cha kicheko. Mtazamaji aliyekua na kipindi hicho anafundishwa bila kujua kwamba mtu anayekosea upatanisho wa Kiswahili ana hatia ya jambo fulani, hata kama bado halijatajwa. Huyo mtazamaji akiwa mwanafunzi wa sheria, na siku moja akaombwa aigize mzee wa Kidigo mbele ya darasa, hataigiza mzee. Ataigiza kioja.

Hizo ndizo mahakama tatu alizobeba mwanafunzi kichwani: moja haina shahidi, moja ina shujaa mahali pa shahidi, na moja ina shahidi wa kuchekesha.

Kinywa kama hati

Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, wajitokeze na kuyathibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi hawakupata hati kwa utaratibu huo, na wajukuu wao wakajikuta maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mambo yaliyofuata katika pwani ya kusini yaliongezea uzito jambo hilo: mashamba ya miwa ya Ramisi, mahoteli ya Diani, na karibuni zaidi uchimbaji wa titani huko Maumba na Nguluku, uliomalizika Desemba 2024, ambao ulilazimu watu kuhamishwa. Kila mara swali huwa lile lile. Nani alikuwa hapa, tangu lini, na nani ajuaye?

Majibu hayamo katika karatasi. Yamo katika miembe, minazi na mikorosho, katika makaburi, katika kisima ambacho kilichimbwa mwaka wa njaa fulani, na katika vinywa vya watu. David Parkin alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni kwamba mnazi uliweza kununuliwa na kuwekwa rehani peke yake, mbali na ardhi uliposimama, na kwamba wazee waliohudhuria mapatano ndio waliokuwa ushahidi wake pindi ugomvi ulipozuka. Tembo la mnazi lilinywewa ili watu wakumbuke. (Kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, tembo halifai kuwa muhuri, lakini haja ya watu wa kukumbuka ni ile ile.) Mahali ambapo mzee ndiye hati, kumkatiza mzee ni sawa na kurarua karatasi.

Juu ya hayo kuna mirathi. Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mali ya mtu ilielekea kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Sheria ya Kiislamu humpa mtoto wa marehemu. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ilileta njia ya tatu, na marekebisho ya mwaka 1990 yakawatoa Waislamu katika sehemu kubwa ya sheria hiyo. Katiba ya 2010 imempa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake, na wakati huo huo Ibara ya 159 imezitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za msingi. Familia moja ya Msambweni inaweza kwa hiyo kuwa na milango kadhaa ya kugonga, na mara nyingi huigonga kwa zamu.

Sasa na isikilizwe lugha yenyewe. Shahidi anasema shamba alipewa na mjomba. Katika kumbukumbu za mahakama zinazoandikwa kwa Kiingereza, neno moja tu humeza mjomba, ami na baba mdogo. Katika shauri ambalo mgogoro wake wote ni kama shamba lilipita kwa mama au kwa baba, neno hilo moja linaweza kulizika shauri kabla halijaamuliwa, na hakuna atakayejua kwamba limezikwa, kwa maana karatasi itasomeka vizuri kabisa.

Mfano wa pili ni wa sarufi, na unafaa uelezwe kwa makini kwa kuwa hauonekani haraka. Kiambishi -ka- katika Kiswahili huonyesha tendo lililofuata jingine: alikuja, akauza. Katika Chidigo kiambishi chenye umbo hilo hilo huonyesha tendo lililokwisha timia, na mfuatano wa matukio huonyeshwa kwa -chi-. Mdigo anaposema "akaguza" anasema "ameuza", yaani jambo hilo limekwisha kuwa. Akijitahidi kuongea Kiswahili mahakamani, ulimi wake ukachukua umbo la nyumbani, atatamka "akauza", na karani atasikia kwamba mauzo yalifuata jambo lililotajwa mwanzo. Kumbe yeye hakusema lipi lilitangulia. Katika shauri la ardhi, kujua kama mauzo yalitangulia kifo au yalifuata kifo ndilo shauri lenyewe.

Mwisho kuna mwenendo wa usemi. Katika vikao vya Wamijikenda msemaji huanza kwa kuwaita watu, "Taireni!", nao huitika "Za Mulungu!" Mwito huo si salamu tu. Unamthibitishia msemaji kwamba anasikilizwa, na unawafunga wasikilizaji kwa yatakayosemwa. Mtu aliyezoea kusema mbele ya kikao cha aina hiyo, ambapo habari huanzwa kwenye shina lake, anapandishwa kizimbani na kuambiwa ajibu ndiyo au siyo. Hakuna anayemwitika. Hakimu ameinamisha kichwa akiandika. Mzee anadhani hasikilizwi, hivyo anarudia, na kurudia kwake huhesabiwa kuwa ni kusitasita.

Mwigizaji na shahidi

Nadharia za uigizaji zina nini cha kutoa hapa? Zipo tatu zinazofaa, na hazifai kwa kiwango kimoja.

Konstantin Stanislavski alimtaka mwigizaji ajiulize maswali madogo juu ya hali ya mhusika kabla ya kutamka neno. Na utungwe mfano. Mzee wa kubuni ameitwa kutoa ushahidi Kwale kuhusu shamba la minazi lililo karibu na Msambweni. Ameamka saa ngapi? Amepanda matatu mpaka Ukunda, akateremka tena Kombani, kisha akapanda mlima hadi mjini Kwale. Nauli ametoa nani? Kama ni mpwa wake anayedai shamba ndiye aliyelipa, je, mzee anaona amenunuliwa, au anaona mpwa ametimiza adabu? Amekula? Shauri lake limeahirishwa mara ngapi? Amevaa viatu vya nani? Mwanafunzi akiyajibu haya kwa mwili wake, akakaa kwenye benchi saa tatu bila simu, ataingia kizimbani akiwa na uchovu ambao hakuna kitabu cha sheria ya ushahidi kinachoueleza. Wakili wake naye, ambaye ni mwenzake wa darasani, ataona kwa mara ya kwanza kwamba jibu fupi linaweza kuwa njaa.

Mbinu hiyo lakini ina hatari, nayo ndiyo ile ya vioja. Anayetaka kuwa mzee wa Kidigo kwa nguvu zote huishia kwenye mgongo uliopinda, sauti ya kukwaruza, na lafudhi ya kuchekesha. Ndiyo maana Bertolt Brecht anahitajika zaidi. Katika insha yake ya mwishoni mwa miaka ya 1930 juu ya tukio la barabarani, Brecht alichukua kuwa kielelezo cha mwigizaji mtu aliyeona ajali, anayewaonyesha wapita njia ilivyotokea. Mtu huyo hajifanyi dereva. Anaonyesha tu dereva alifanya nini, kwa kiasi kinachotosha watu waweze kuamua. Ni ajabu kwamba mwananadharia mkubwa wa jukwaa alipotafuta mfano wa uigizaji bora alikwenda kumchukua shahidi, ilhali vyuo vya sheria vilipotafuta igizo vilimwacha. Mwanafunzi anayefuata njia hii haigi lafudhi ya mzee hata kidogo. Anaonyesha mpangilio wa maneno yake: alianzia wapi, alikatizwa wapi, alirudia nini, na alinyamaza baada ya swali gani.

Ya Augusto Boal ni ya kutajwa kwa ufupi. Katika jukwaa lake mtazamaji huweza kuusimamisha mchezo na kuchukua nafasi ya mhusika ili ajaribu njia nyingine, na alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kati ya mwaka 1993 na 1996 aliitumia mbinu hiyo kuchochea utungaji wa sheria za mji. Darasani inatosha kuchukua ile haki ya kusimamisha. Mwanafunzi yeyote aweze kusema "simama" pale anapoona swali la wakili limeukata ushahidi, aingie mahali pa wakili, na aulize upya.

Zoezi lenyewe halihitaji ukumbi wala mavazi. Mmoja awe mzee, mmoja wakili wa mdai, mmoja wa mdaiwa. Mmoja awe mkalimani, na huyu asichaguliwe kwa kubahatisha, kwa sababu ndiye mwigizaji mgumu kuliko wote: hana maneno yake mwenyewe, na kila kosa lake huwa kosa la mwingine. Ibara ya 50 ya Katiba humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo, lakini haki hiyo ni nzuri kiasi cha mkalimani anayeletwa. Mmoja awe hakimu, naye aandike kwa mkono kila anachokisikia, kama mahakimu walivyofanya miaka na miaka. Baada ya nusu saa karatasi ya hakimu isomwe kwa sauti mbele ya yule aliyeigiza mzee. Hapo ndipo somo lilipo. Mzee wa kuigiza atasikia habari yake imerudi ikiwa imekatwa mikono, na atajaribu kuikana, na wakili wa upande wa pili atamwonyesha kwamba imeandikwa.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwafundisha mawakili kuwapanga mashahidi, jambo linalokatazwa. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa, kwa sababu mipaka kati ya kumwandaa shahidi na kumtilia maneno kinywani ni myembamba, na wapo wanaoivuka. Lakini anayemtilia shahidi maneno ni yule asiyejua thamani ya maneno ambayo shahidi amekuja nayo. Wakili aliyewahi kusimama mahali pa mzee ana sababu ndogo zaidi ya kumbadilishia hadithi. Pingamizi la pili ni la muda na mtaala, na linajibiwa kwa urahisi: saa zinazotumiwa kuwatafuta wasemaji bora zingetosha.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Mwanafunzi aliyezaliwa mbali na pwani hataweza kuigiza asichokijua, hata akisoma Stanislavski wote. Hilo ni kweli, na halina jibu ndani ya darasa. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1992 na imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Watalii hupelekwa huko wakaonyeshwa miti. Wanafunzi wa sheria wangeweza kwenda kuwauliza wazee jambo jingine: mtu akisema uongo mbele ya kikao, hujulikanaje? Wazee hao ndio wahakiki wanaofaa kuketi na kulitazama zoezi, na kusema ni wapi mwigizaji amesema kama mtu wa kwao na ni wapi amesema kama wakili aliyevaa kofia. Susan Hirsch, aliyechunguza mashauri ya mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi katika kitabu cha mwaka 1998, alionyesha jinsi wanawake wanaotakiwa na ada kuvumilia kimya wanavyotumia masimulizi mahakamani kuyasema yasiyosemwa. Kikao cha wazee wanaume hakiwezi kulihakiki igizo la shahidi wa kike, na kwa hilo watahitajika wahakiki wengine.

Limebaki jambo la hakimu na karatasi yake. Mazoezi yote ya vyuoni huandikwa kwa Kiingereza, kana kwamba sheria imeamuru hivyo. Sheria ya Kenya inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, lakini kwa mahakama za chini, ambako mashauri mengi ya Kwale na Msambweni huanzia, inaruhusu Kiingereza au Kiswahili. Tanzania ilikwenda mbele zaidi mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanafunzi anayeigiza hakimu hana basi kizuizi cha kuandika kwa Kiswahili, na akiandika hivyo mjomba atabaki mjomba. Ile -ka- haitapona kwa njia hiyo. Hakimu ataandika "akauza" kama alivyosikia, na kama alivyotamka mzee, na ukurasa utakuwa sahihi neno kwa neno. Hapo anayeigiza wakili itampasa ainuke tena, amwitikie mzee kwanza ili ajue anasikilizwa, kisha amwulize kama siku ile shamba lilipouzwa mwenyewe alikuwa hai.